Alhamisi Sita za Bwana Mratibu

Manasseh Ogoti alikuwa ameketi katika hoteli moja pale Masimba, akinywa chai ambayo hakujua atailipia na nini, alipomsikia mwalimu mmoja wa meza ya pili akilalamika kwa sauti. Mwalimu huyo alikuwa mimi, Anyona. Ninalisema hili mapema ili msomaji asije akanitafuta baadaye katika orodha ya wenye akili.

Nilikuwa namsimulia mwenye hoteli yaliyotukuta shuleni. Tangu muhula uanze tulikuwa tumewanyang'anya watoto wa Gredi ya Saba na ya Nane vidude vya rangi za kupendeza, vinavyonukia embe na pipi. Nilipokipata cha kwanza nilidhani ni flash. Nilikichomeka kwenye kompyuta ya shule nikitafuta mtihani ulioibwa, nikabofya, nikasubiri, nikabofya tena, mpaka mtoto mmoja akanionea huruma akaniambia, "Mwalimu, hiyo si ya kusoma. Ni ya kuvuta." Ndipo tulipojua kwamba hizo ni sigara za kielektroniki, zile ambazo watoto huziita vepu. Sasa katoni nzima ilikuwa imefungiwa ofisini kwa Madam, mwalimu mkuu wetu, na hakuna aliyejua la kuifanyia.

Katika hadithi yangu yote Manasseh alisikia neno moja tu, nalo ni katoni.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, mwenye suti ya kijivu na sauti ya kumtuliza ng'ombe anayekamwa. Alikuwa ametoka Nyansiongo kwa haraka kidogo, baada ya kuwaandikisha wakulima kupokea mitamba wa kutoka Uholanzi ambao, kwa bahati mbaya, hawakuwa wamezaliwa. Haya aliniambia mwenyewe baadaye, bila haya yoyote. Tena mjini Kisii alikuwa na rafiki, Omwenga, ambaye kibandani mwake aliuza vifuniko vya simu na chaja juu ya meza, na vepu chini ya meza. Manasseh akapiga hesabu moja fupi, akainuka na kikombe chake, akaja kwangu.

Alijitambulisha kuwa Mratibu wa Kanda wa Mpango wa Mapafu Salama. Aliniuliza kwa upole katoni imewekwa wapi. Nilipomwambia iko kabatini nyuma ya kiti cha Madam, alifumba macho kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Mwalimu," akasema, "betri hizo hulipuka."

Nililipa chai yake. Nikamwongezea chapati na maharagwe. Nikamsihi aje shuleni Alhamisi.

Shule yetu iko juu kwenye vilima vya Gesima, imezungukwa na majani chai pande tatu, na upande wa nne ni kanisa. Mwalimu mkuu ni Bathsheba Kwamboka, tunayemwita Madam, mama mwembamba asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Manasseh alimkabidhi barua yenye mhuri. Madam aliisoma, akaigeuza, akausoma na upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu. Kisha akasema kwamba kabla ya mambo ya katoni, angependa kumsikia Bwana Mratibu akizungumza na watoto.

Alizungumza dakika arobaini. Aliwaambia kwamba vepu hugeuza ulimi kuwa kijani na kwamba mtu akiendelea, masikio hulegea. Watoto walimsikiliza kwa makini sana, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona. Mwishoni msichana mmoja wa Gredi ya Nane, Linet Nyamusi, bingwa wetu wa mbio za mita elfu moja na mia tano, alinyoosha mkono, akasimama kwa adabu akasema kwamba yeye amevuta tangu Januari na masikio yake yapo, kama mgeni angependa kuyaangalia.

Darasa zima lilicheka. Manasseh naye akacheka, halafu akamuuliza aliambiwa nini siku alipopewa ya kwanza. Linet akajibu kwamba aliambiwa ni maji ya matunda tu, kwamba hata madaktari wanavuta, na kwamba ya kwanza ni bure. Baadaye Manasseh aliniambia kwamba hapo aliona wivu, kwa kuwa ni maneno ambayo angejivunia kama angeyatunga yeye.

Ofisini Madam alitoa uamuzi wake. Katoni angeikabidhi, lakini si leo. Bwana Mratibu angefundisha Alhamisi sita, na siku ya sita, mbele ya wazazi, mambo ya katoni yangemalizwa. Manasseh aliwaza haraka, akaona kwamba wiki sita ni muda mzuri wa katoni kunenepa. Akapendekeza kwamba mtoto atakayeleta vepu yake kwa hiari asichapwe wala asifukuzwe. Mimi, mwalimu wa nidhamu, nilipinga kwa nguvu. Madam akanikumbusha kwamba nilikuwa nimewatuma watatu nyumbani muhula huo, na kwamba wote watatu walirudi na vepu nzuri kuliko zile za mwanzo. Nikaketi.

Mgeni alipoondoka, Madam aliiweka ile barua mbele yangu. Mhuri wake ulikuwa wa chanjo ya mifugo.

"Huyu ni mwongo, Mwalimu," akasema.

Nilimuuliza, kwa unyonge, mbona basi amempa Alhamisi sita.

"Kwa sababu amezungumza dakika arobaini na hakuna mtoto aliyelala. Wewe una miaka kumi na tisa hapa."

Alhamisi ya pili Manasseh aliacha habari za masikio. Alikuwa amechokozwa na Linet pale pabaya, penye ufundi wake, kwa hiyo aliamua kufundisha kitu anachokijua. Aliandika ubaoni: Namna ya Kumtapeli Mtoto wa Gredi ya Nane. Nilitaka kufuta, Madam akanizuia kwa kidole. Manasseh akawaeleza kwamba mwenye kuuza huanza kwa kutoa bure, maana aliyepewa huona aibu kukataa. Kwamba harufu ya embe haikuwekwa kwa ajili ya wazee. Kwamba akikwambia kila mtu anayo, muulize hao kila mtu wanaitwa nani. Na kwamba mle ndani mna nikotini, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kesho unarudi hata kama hupendi.

Alhamisi ya tatu alihitaji mtu wa kumtapeli kwa mfano. Aliniita mimi mbele. Katika muda wa dakika tatu, huku watoto wakitazama, aliniuzia kalamu yangu mwenyewe. Naapa nilifurahi kuipata. Kisha akawauliza watoto nilipokosea, wakataja mahali saba. Baada ya hapo waliketi wawili wawili, mmoja muuzaji, mwingine mnunuzi, wakafanya mazoezi ya kukataa bila kugombana na bila kujieleza sana. Mvulana mmoja aliyekuwa haongei darasani alimwambia muuzaji wake, "Ahsante, hiyo mpe mamako kwanza," na tukalazimika kusitisha kipindi mpaka kicheko kiishe.

Vepu zikaanza kuja. Asubuhi nilizikuta mlangoni pa ofisi, nyingine zimefungwa kwa karatasi za daftari, moja imetiwa ndani ya soksi. Katoni ilijaa, Madam akaleta nyingine kubwa zaidi. Manasseh alipopita karibu na kabati lile alitembea polepole, kama mtu anayepita karibu na jiko wakati wa chakula cha mchana.

Alhamisi ya nne Linet hakutoka darasani wenzake walipotoka. Nilikuwa nafuta ubao, kwa hiyo nilisikia. Alimwambia Manasseh kwamba amejaribu kuacha mara mbili. Siku ya tatu mikono hutetemeka, kichwa humuuma, anamjibu mama yake vibaya, kisha anajikuta anavuta tena nyuma ya choo. Mashindano ya kaunti yalikuwa yanakaribia na mzunguko wa tatu kifua kilimbana. Akamuuliza mtu anaachaje.

Manasseh alikuwa na jibu la kila swali duniani.

"Sijui," akasema. "Lakini twende kwa anayejua."

Wakaenda kwa Madam, nami nikawafuata. Madam hakufoka. Alimpigia simu muuguzi wa zahanati, akamwita mama Linet, na wote wakaketi na yule mtoto wakapanga siku zake moja moja, atafanya nini hamu ikija na atamwambia nani. Katika mazungumzo hayo Linet alisema alikoipata. Alikwenda Kisii kumnunulia mama yake chaja, kwenye kibanda chenye mlango wa kijani, na mwenye kibanda akamwongezea zawadi.

Manasseh aliujua mlango huo. Alikuwa amesaidia kuupaka rangi.

Kesho yake alikwenda kwa Omwenga, akamuuliza kama mtu anayepitisha wakati tu, kama huwauzia na watoto. Omwenga alicheka akasema watoto ndio wateja wa kweli, maana mtu mzima akiacha ameacha, lakini mtoto utakuwa naye miaka. Akaongeza kwamba katoni ya Manasseh ikifika, ataituma huko huko Gesima, kwa sababu soko limeshatengenezwa.

Hapo Manasseh alimwinamia sikioni akamwambia, kwa ile sauti ya kumtuliza ng'ombe, kwamba amesikia Alhamisi kutakuwa na ukaguzi mjini kibanda kwa kibanda, na kwamba yeye, kama rafiki, yuko tayari kumfichia mali yake kwa siku chache. Omwenga alitoka jasho. Alimpa kila kilichokuwa chini ya meza, akamshukuru, akamlipia na bodaboda.

Nimemuuliza Manasseh mara nyingi kwa nini alifanya vile. Hunijibu kwamba nusu ilikuwa kwa ajili ya Linet na nusu kwa ajili yake, kwani katoni mbili ni bora kuliko moja na huko Kisumu ana wateja. Siku nyingine husema ni sitini kwa arobaini, lakini hajawahi kuniambia sitini ni ya nani.

Alhamisi ya tano ilipita kwa mazoezi yale yale; ya sita Manasseh alifika na katoni ya Omwenga imefungwa kwa kamba nyuma ya bodaboda. Alimwambia dereva angoje langoni bila kuzima injini. Mpango wake ulikuwa mwepesi: maneno machache kwa wazazi, apokee katoni ya kwanza, waagane kwa heshima, kisha Kisumu.

Lakini Madam alikuwa amesimama langoni akiwakaribisha wazazi. Aliitazama ile katoni, akamtazama Manasseh, akamwambia tu kwamba mzigo ule ni mzito, asijisumbue. Wavulana wawili wakaubeba mpaka mbele ya mkutano. Hapo kulikuwa na pipa la mchanga, na kando yake afisa wa afya wa kaunti, Bwana Obwocha, aliyevaa glavu na kushika fomu. Huyo alikuwa ameitwa na Madam tangu wiki ya kwanza.

Madam alisimama akawaeleza wazazi kwamba watoto wao wamesalimisha vepu zao kwa hiari, na kwamba mwalimu wao, bila kuombwa na mtu, ameingia mjini kwa ujasiri akaleta na zile ambazo bado hazijawafikia watoto. Wazazi walisimama. Makofi yakapigwa, kina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja wa kanisa akasema kwa Kikisii mbuya mono, mbuya mono, yaani vizuri sana, akimshika Manasseh mkono kwa mikono yake miwili. Baba yake Linet alilia wazi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, na nilikuwa najua kwamba ni mwongo.

Ikabidi mgeni aseme neno. Manasseh alimtazama Obwocha akizitia vepu mchangani moja moja na kuandika. Alitazama lango, ambako dereva alikuwa amezima injini aje aone. Halafu akafungua mdomo, na hotuba iliyotoka ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa. Alisema mtoto hatapeliwi kwa sababu ni mjinga, hutapeliwa kwa sababu yuko peke yake na anaona haya kuuliza. Alisema hata yeye alipoulizwa swali la kweli alishindwa, na kwamba siku hiyo ndiyo aliyojifunza kitu. Sijui ni kiasi gani alikiamini. Alipoketi uso wake ulikuwa wa mtu aliyetapeliwa kalamu yake.

Kabla ya kuondoka Obwocha aliuliza kwa upole mali ile ya pili ilitoka kibanda gani. Manasseh akamwelekeza, mpaka rangi ya mlango.

Kwa hiyo Kisii hakuweza tena kurudi. Wazazi walipotawanyika, Madam alimwambia kwamba kamati ya shule imekubali kumlipa nauli na chakula cha mchana, na kwamba Gredi ya Sita wangeanza Jumatatu, mapema, kabla ya wauzaji kuwafikia. Manasseh akasema angependa sana lakini ana majukumu Kisumu. Madam akamuuliza majukumu gani. Akasubiri jibu kwa utulivu, akiwa ameikunja ile barua ya mhuri wa mifugo mkononi.

Linet anaendelea. Ameteleza mara moja, akaenda mwenyewe kumwambia muuguzi, akaanza kuhesabu upya. Kwenye mashindano ya kaunti alikuwa wa nne, akakasirika sana, na muuguzi akasema hasira hiyo ni dalili njema.

Jumatatu saa mbili kasorobo Manasseh Ogoti alikuwa ameshasimama mbele ya Gredi ya Sita, koti amelivua, anatafuta mtu wa kumuuzia kitu. Mimi nilifika saa mbili na dakika tano, nikamkuta Madam mlangoni na daftari la wachelewaji.