Karani Asiye na Tumbo

Stany Mbayo aliingia katika ofisi ya Tata Ntambwe, Kolwezi mjini, ili amwuzie dawa ya kuua mchwa. Dawa yenyewe ilikuwa maji ya bomba yaliyotiwa rangi, na Stany alikuwa tayari kabisa kueleza namna inavyofanya kazi. Lakini alipokuwa akingoja zamu yake kwenye benchi la wageni, aliona jambo lililomsahaulisha mchwa wote wa Lualaba.

Makarani watatu walikuwa wameketi mbele ya kompyuta tatu. Kila mmoja alikuwa na mrundo wa bordereau, zile karatasi zinazosafiri na malori ya shaba mpaka forodha ya Kasumbalesa. Walisoma namba ya lori, wakaichapa. Wakasoma jina la dereva, wakalichapa. Wakabofya, wakavuta karatasi nyingine. Nyuma yao alisimama Tata Ntambwe, mwenye wakala huo wa forodha, akiwatazama kama unavyomtazama mgeni ambaye haagi na chakula kimeshaiva.

Stany akarudisha chupa ya dawa mfukoni, akamsogelea.

"Tata, hawa batu banakula?"

"Banakula, banagonjwa, banazika. Mwezi huu tu, Mama Jocelyne pale amezika bajomba babili."

"Na kama minakuletea karani mwenye hana tumbo?"

Tata Ntambwe aligeuka polepole. Stany akaona macho yale, akajua samaki keshameza.

Hapa ni haki kueleza elimu ya Stany. Shingoni alivaa beji ya uhandisi aliyoichapisha mwenyewe, tena kwa rangi. Kuhusu kompyuta alijua kitu kimoja tu: programu ndogo inayorekodi kila unachofanya kwa kipanya na kibodi, kisha inakirudia. Ukiirekodi ukiandika jina la shangazi yako, itaandika jina la shangazi yako mpaka umeme ukatike. Haisomi wala haifikiri. Ila kwa mtu asiyejua, ni maajabu: kishale kinatembea chenyewe, herufi zinajipanga zenyewe, na kiti hakina mtu.

Mpango ulikuwa mfupi. Alhamisi angerekodi karatasi moja. Ijumaa asubuhi angeiweka karatasi hiyohiyo juu ya mrundo, Tata Ntambwe aichukue, mashine "iisome". Adhuhuri Stany angekuwa ndani ya basi la Fungurume, pikipiki yake imefungwa juu ya paa, malipo ya mwanzo mfukoni, na majirani wa mtaa wa Kapata, alikokuwa akipanga chumba, wangemkumbuka kwa wema.

Alhamisi akapewa kompyuta ya Mama Jocelyne. Huyu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa utepe, mwenye sauti ya mtu anayesali sana. Alisimama pembeni akiangalia kijana anavyorekodi karatasi ya dereva mmoja aitwaye Mukuna.

"Na ukifinya hii F8, inaanza?"

"Inaanza, Mama."

"Na karatasi, inasoma?"

"Inasoma yote."

"Macho yake iko wapi?"

"Iko ndani, Mama. Ni ya kisasa."

"Aah," alisema Mama Jocelyne, akavaa miwani.

Ambacho Stany hakukijua, na Tata Ntambwe pia hakukijua, ni kwamba karani asiye na tumbo alikuwa ameajiriwa pale kitambo. Mama Jocelyne alimwandika mwenyewe, mstari kwa mstari, muda wa miaka miwili. Kila alfajiri mizani ya malori ilituma kwa barua pepe faili lenye habari za karatasi zote. Programu yake ililifungua faili hilo, ikachagua namba, ikajaza fomu sanduku kwa sanduku, ikabofya. Kazi ya watu watatu iliisha kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo makarani walipapasa kibodi kwa adabu. Mama Jocelyne aliuza maputa, vile vitenge vya kujifunga, kwa simu, wenzake wakisomea mitihani yao. Wale wajomba wawili walikuwa Likasi, wazima wa afya.

Sasa amani hiyo ilikuwa hatarini. Stany akishinda, wote watatu barabarani. Akiumbuliwa palepale, Tata Ntambwe atamfukuza, kisha ataenda kumtafuta mwenye mashine ya kweli. Mama Jocelyne alifikiri njia nzima ya kwenda nyumbani. Ijumaa alifika wa kwanza, akaitoa F8 kwenye rekodi ya Stany, akaifunga kwenye programu yake.

Saa mbili, Stany aliweka karatasi ya Mukuna juu ya mrundo.

"Chagua, Tata. Yoyote. Hata hii ya juu."

Tata Ntambwe hakuwa tajiri kwa kuchukua vya juu. Aliingiza mkono katikati ya mrundo, akavuta.

"Hii. Namba mia nne na kumi na saba."

 Stany aliupima mlango kwa macho, akamwomba Mungu umeme ukatike, akafinya F8. Mama Jocelyne, ameketi pembeni na liputa limefunika magoti, alichapa 417 kwenye kibodi kidogo kisicho na waya kilichokuwa chini ya kitambaa, programu yake ijue ni karatasi ipi.

Kishale kikatembea. Lori, sawa. Dereva, sawa. Uzito, sawa mpaka kilo ya mwisho. Tata Ntambwe akavuta nyingine, akaisoma namba yake, kisha nyingine. Zote sawa.

Aliyeshangaa kuliko wote ni Stany. Aliitazama mikono yake. Kumbe siku zote alikuwa fundi! Kumbe uongo wote ule, tangu dawa ya mchwa, ulikuwa kujidharau!

"Minakupa advance sasa," alisema Tata Ntambwe, mkono ukielekea mfukoni.

Pesa ilikuwa pale, basi lilikuwa linapakia. Stany akainua kiganja.

"Tata, mashini kama hii haiuzwi. Tufanye contrat. Mwaka muzima. Kila lori, mi napata kitu."

"Mi nitaandika hiyo contrat," Mama Jocelyne alisema kwa upole. "Ni kazi yangu ya mwisho hapa."

Aliiandika vizuri. Kifungu cha nne kilisema makarani wa zamani watabaki kuisimamia mashine mwaka wote. Cha tano kilisema mashine ikishindwa, aliyeileta ataifanya kazi hiyo kwa mikono yake, na pikipiki yake itabaki rehani. Tata Ntambwe alikipenda cha tano hata akakisamehe cha nne; Stany alisaini bila kusoma. Fundi mkubwa hasomi vifungu.

Jumatatu Mama Jocelyne alikuwa ameirudisha F8 kwenye rekodi ya Stany. Kufikia saa sita mchana, kwa ushahidi wa mashine, dereva Mukuna alikuwa ameondoka kwenda Kasumbalesa mara mia moja na arobaini, lori lilelile, uzito uleule. Mpakani walipiga simu kuuliza kama yuko salama.

Tata Ntambwe hakupiga kelele. Alikifungua kifungu cha tano, akavuta kiti.

"Ikaa."

Stany aliketi, akaanza kuchapa kwa vidole viwili. Siku ya tatu alimnong'oneza Mama Jocelyne, "Lakini Mama, Ijumaa iliandika kweli! Na mi niliona!"

"Eh, iliandika," alisema Mama Jocelyne, akaweka mrundo mwingine mbele yake. "Andika na weye. Hapa umeacha zero."

Mambo yangeishia hapo, lakini Tata Ntambwe alikuwa amekwisha kujisifu mji mzima. Mwezi wa pili akaja Mama Florentine kutoka Fungurume, mwenye malori ishirini, kuiona mashine. Stany akahamishiwa stoo, na kibodi kingine na skrini nyingine, waya zikipita tundu la ukutani mpaka kompyuta ya Mama Jocelyne. Mama Jocelyne alimsomea mgeni kila karatasi kwa sauti kubwa, polepole, kama somo la Jumapili. Stany akachapa. Upande wa pili herufi zikajipanga zenyewe, na kiti hakina mtu.

"Mungu wangu," Stany alimsikia Mama Florentine akisema. "Na haigonjwi?"

"Haigonjwi," alijibu Tata Ntambwe. "Haina tumbo."

Vumbi la stoo likamwingia Stany puani. Akapiga chafya mbili.

Mama Florentine akaugeukia ukuta.

"Ile ni ventilateur yake, inapoza mashini," alisema Tata Ntambwe. "Lakini Mama, mashini kama hii haiuzwi ovyo. Kwanza advance."

Stany alisikia zipu ya mkoba ikifunguka. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani kumwonya mtu. Hata alijiinua nusu kutoka kitini. Kisha Mama Jocelyne akaanza kuisoma karatasi nyingine, na yeye akaketi, akatafuta herufi ya kwanza.