Kopo Lenye Picha ya Kikombe

Jumatano, tarehe 4 Machi

Hivi wewe mkamwana, uliyelelewa ukala ukashiba, nani alikufundisha kutupa mkate wa juzi? Nimeukuta kwenye ndoo ya taka, bado uko ndani ya mfuko wake. Na ndizi nne, eti zimekuwa nyeusi. Ndizi nyeusi ndiyo yenye sukari. Yeye kasoma mpaka chuo, mimi niliishia darasa la tatu, na bado mimi ndiye ninayejua.

Nimemwambia usoni. Akanijibu kwa ule upole wake unaokera kwamba nipumzike, jiko nimwachie yeye. Nipumzike nina nini? Mafua tu haya.

Mwanangu akaingia kati, akaweka masharti. Jumapili mama yake mkamwana anakuja kututembelea. Nitengeneze kitu kitamu kwa mabaki. Mgeni akichukua cha pili, jiko linarudi mikononi mwangu. Asipochukua, nikae sebuleni na rimoti, nisiguse sufuria tena.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Alhamisi, tarehe 5

Mkamwana amebandika vikaratasi kwenye makopo yote ya jikoni. Eti nisihangaike kutafuta. Jiko nimelishika miaka thelathini, leo nisomeshwe makopo.

Na hajui hata anachobandika. Kopo lina picha ya kikombe cha kakao, kubwa hivi, yeye kaandika "pilipili manga". Nimecheka mpaka kikohozi kikanishika. Nimevibandua vyote, nikamsitiri aibu yake. Shukrani sitegemei.

Jumamosi, tarehe 7

Kazi imefanyika. Mkate nimeukausha kwenye kikaango, nikausaga kwa chupa. Ndizi nimeziponda. Maziwa mazito yaliyogandia kwenye kitako cha kopo lake nimeyakwangua kwa kijiko. Kisha kakao: vijiko vitano, nikaongeza viwili kwa heshima ya mgeni. Miwani sikuihitaji. Nimeviringa vidonge ishirini na vinne, viko kwenye friji, vimejipanga kama askari.

Mjukuu wangu aliuliza mbona havinukii kakao. Nikamwambia pua yake bado changa. Yangu imeziba, lakini ina uzoefu. Akataka nionje. Sijawahi kuonja tangu niolewe, sianzi leo.

Jumapili, tarehe 8

Mkwe mwenzangu alifika amependeza. Akatia kidonge kizima mdomoni. Macho yakajaa maji. Nikamnong'oneza mkamwana kwamba mama yake analia kwa utamu.

Mkwe mwenzangu akanyoosha mkono. Nikampa cha pili.

Kumbe alikuwa anaomba maji.

Mwanangu akaonja, akapiga chafya sita. Akakumbusha mbele ya wote kwamba chupa ya pilipili manga ilipovunjika mwaka jana, mimi mwenyewe ndiye niliyeimimina kwenye kopo la kakao. Sikumbuki. Labda ni kweli, lakini mama hasemwi hivyo mbele za watu.

Mkamwana alinikabidhi rimoti kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, tarehe 9

Nimekaa sebuleni tangu asubuhi kama mzigo uliosahauliwa. Wote wametoka. Nikaenda kwenye friji, nikala kidonge kimoja nione wanalalamikia nini.

Pua ikafunguka. Tundu zote mbili. Wiki nzima nimelala mdomo wazi, leo nasikia harufu ya sabuni kutoka kwa jirani. Kumbe mimi sikukosea, wao ndio hawakuwa na mafua.

Halafu nikakumbuka masharti. Tulisema mgeni akichukua cha pili. Mkwe mwenzangu alichukua cha pili, kwa mkono wake, watu wakiona. Alichokuwa anaomba hakikuandikwa popote.

Kwa hiyo jiko ni langu. Mkamwana akirudi kazini abandue kile kikaratasi alichokirudisha kwenye kopo langu, aniletee ndizi nyeusi dazeni nzima, na ampigie mama yake simu: Jumapili aje tena, na kama hana mafua ayatafute.