Ua Usiofagiwa

Jumatatu, 4 Machi

Kitinda mimba wangu anahama. Jumamosi hii hii. Kanipa habari amesimama, kikombe cha chai mkononi, kama mtu anayesema sabuni imekwisha. Amepata chumba nyuma ya tanuri la mikate anakofanya kazi. Pale kukanda unga huanza alfajiri, na sisi tunakaa mbali. Mwenye nyumba kamwambia asipoingia Jumamosi, chumba anapewa mwingine, maana mtu wa kukitaka yupo tayari.

Nimemwambia, "Vizuri sana, mwanangu." Kisha nikaingia jikoni nikakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Wenzake wote walishatoka. Huyu ndiye wa mwisho. Atakayegombania ukoko na baba yake nani?

Jioni alikuwa anachungulia dirishani, kwa jirani yetu. Yule jirani mimi namwita Mama Mapazia, kwa sababu pazia lake halijui kutulia. Kulikuwa na ndege wa buluu kwenye ua wake, wadogo mno, na wekundu shavuni kama waliopigwa kofi. Kitinda kasema ndege wale wangejenga kiota karibu na dirisha lake, asingebanduka pale mwezi mzima.

Mwezi mzima! Masikio yangu yote mawili yamesikia.

Jumanne, 5 Machi

Ndege watakuja kwangu. Nimeamua. Wakijenga, Kitinda atasubiri mayai. Mayai yakianguliwa, atasubiri makinda. Makinda wakiruka, chumba kitakuwa kimeshapata mtu. Hakuna atakayelaumiwa.

Nimeamka mapema nikafagia ua mara mbili, maana siwezi kumkaribisha mgeni uchafuni, hata mgeni wa mabawa. Kisha nikatandaza wali. Wali mzuri, nimeupika kwa ajili yao, hata chumvi sikusahau.

Waliokula ni hawa: kunguru, jogoo wa Mama Mapazia, na mume wangu, aliyekuta sufuria jikoni akadhani ni chakula cha mchana. Wale wa buluu walikaa kwenye waya wa jirani wakatazama karamu kama watu wasioalikwa.

Mama Mapazia kachungulia juu ya ua, akauliza kama nimeanza kufuga kunguru. Nimemjibu kwamba naanika wali.

Hakuelewa. Hata mimi.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua siri yao! Ni maji. Bomba la Mama Mapazia linavuja chini kwenye kiungo, na pale ndipo ndege wanapokunywa.

Mume wangu ni fundi bomba. Nimemwambia ni aibu, mke wa fundi kukaa jirani na bomba linalovuja. Kaniangalia sana. Kauliza tangu lini namhurumia mwanamke yule. Nikasema moyo wa mtu hubadilika. Kaenda, kabana, bomba limenyamaza.

Nami nikajaza karai langu la kufulia mpaka juu, nikalala kifudifudi nyuma ya pipa, kitenge kichwani, nitazame.

Kaja mmoja. Kasimama ukingoni. Kainamia maji, kisha kageuka akanitazama mimi, kwa jicho la mtu aliyeambiwa aingie kisimani. Kaondoka.

Nimefikiri. Yeye ni mkubwa kama kidole gumba changu. Karai kwake ni bahari! Nimeweka tofali katikati, kichwa cha tofali kikatokeza juu ya maji. Nikarudi kulala. Karudi! Kasimama juu ya tofali, kapiga funda, kainua kichwa juu. Funda, kichwa juu. Kama anayeshukuru kila tone.

Mbona kuku nao hufanya hivyo? Nimefuga kuku tangu msichana na sijawahi kujiuliza. Usiku huu nitakosa amani. Nimemuuliza fundi wangu. Kasema bila hata kuinua uso kutoka kwenye sahani: koo la ndege halina pampu, maji lazima yateremke yenyewe.

Nimeolewa na mtu mwenye akili na sikujua.

Mama Mapazia kaleta mayai, shukrani ya bomba. Nimeyapokea kwa uso wa mtu mwema.

Alhamisi, 7 Machi

Wanakunywa kwangu, wanakula kwake. Kwangu wamepafanya kituo cha maji tu. Chakula ni kipi hicho?

Leo nimetazama vizuri, nimesimama juu ya kigoda, shingo imevuka ua. Hawali wali hata kidogo. Wanaokota mbegu za majani, zile ndogo zilizodondoka, mojamoja. Mmoja kaokota mchwa. Mwingine kaondoka na unyoya wa kuku mdomoni, mrefu kuliko yeye, unampeleka upepo huku na huku lakini hauachii.

Kwa Mama Mapazia yote hayo yapo kwa sababu hafagii. Majani yamemfika gotini. Kwangu je? Nimeteremka nikakagua ua wangu. Hakuna mbegu. Hakuna mchwa. Hata uzi. Ni mistari ya ufagio tu, imenyooka kama nywele zilizochanwa.

Kumbe ni mimi! Kila asubuhi, tangu nilipoletwa nyumba hii, nawafukuza mwenyewe, tena kwa bidii.

Nimeuficha ufagio nyuma ya kabati. Nimefumua mto wangu, sufi nimeitupia kwenye kichaka chini ya dirisha la Kitinda. Mbegu za majani nimezichuma upande wa jirani, yeye akiwa anaoga.

Mikono inawasha. Kuna jani limeanguka mbele ya mlango. Naliona hata nikifumba macho.

Ijumaa, 8 Machi

Sikufagia. Majani sasa ni mengi. Kuna na ganda la ndizi, sijui la nani.

Wa kwanza kushtuka ni Mama Mapazia. Kaja na bakuli la supu, kavaa uso wa msibani. Kauliza panauma wapi. Nikasema mimi mzima. Kasema ndivyo shangazi yake alivyokuwa akisema. Kisha kakaa kitandani kwangu, akaanza kunihadithia shangazi huyo tangu siku ya homa ya kwanza. Sikuona hata ndege mmoja mchana kutwa, maana aliketi mbele ya dirisha.

Kitinda karudi jioni. Kasimama langoni muda, anatazama chini. Kisha kaja mbio, kaniwekea mkono kwenye paji la uso. Mkono una unga bado, unanukia hamira. Nikataka kucheka, nikamwona macho.

Akasema, "Mama, ua huu sijawahi kuuona hivi. Hata siku tuliyomzika bibi ulifagia."

Kasema harakaharaka kwamba hahami. Kesho akienda kazini atapita kwa mwenye nyumba amwambie chumba ampe yule mwingine. Hawezi kuniacha katika hali hii.

Ndege hawajajenga lolote na mtoto anabaki!

Nilijua la kufanya. La kufanya lilikuwa kusema mimi mzima. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni kikohozi. Sikukitafuta, kilikuja chenyewe. Hata cha pili nacho.

Nimelazwa kitandani, nimefunikwa, nimeletewa chai. Muda mrefu sijaletewa chai.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka kabla yake. Kulikuwa na giza bado. Kitinda katoka chumbani ananyata, viatu mkononi, asiniamshe. Kainama kuvivaa pale sebuleni, mkoba ukapinduka. Kikadondoka kitana, kitambaa cha kichwa, na jiwe. Jiwe zito, la kujaa kiganja, limekuwa laini kwa kushikwa.

Nikamuuliza la nini. Kashtuka kunikuta nimesimama. Kasema ni la njiani, la mbwa.

"Mbwa gani?"

Kasema, "Mbwa, na wasio mbwa." Kalirudisha mkobani kama mtu anayerudisha funguo.

Kila siku anapita giza lile na jiwe mkononi, na anarudi ananiambia njia ilikuwa shwari. Na mimi namshikilia aendelee kuipita! Kwa kikohozi!

Palikuwa panaanza kupambazuka. Nikachungulia kichakani. Ndege wawili wa buluu walikuwepo. Mmoja yumo ndani ya matawi anazunguka kama anayepima kitanda, mwingine analeta sufi yangu. Wanajenga! Chini ya dirisha lake hasa. Yote niliyoyataka wiki nzima, yako pale, yananilia.

Nikautoa ufagio nyuma ya kabati.

Nimefagia kuanzia langoni. Majani, ganda la ndizi, mbegu, sufi iliyotapakaa, vumbi likapanda mpaka dirishani. Nimefagia kwa nguvu ili asikie. Wale wawili wakaruka, wakaenda moja kwa moja kwa Mama Mapazia, na sufi yangu wakaibeba.

Kitinda alikuwa mlangoni. Kasema kumbe siumwi. Nikasema sikusema naumwa, nilikohoa tu. Kauliza basi lilikuwa nini. Nikamwambia lote, na wali, na bomba, na mto. Kakaa kwenye kizingiti akacheka mpaka akalia, au alianza na kulia, sikutaka kumtazama sana. Kisha kaniambia twende naye kwa mwenye nyumba, tukachukue ufunguo pamoja.

Baba yake kabeba kitanda. Mimi nimebeba godoro na sikudondosha chozi hata moja. Godoro lilikuwa limenifunika uso.

Jumapili, 10 Machi

Tumekwenda kumwona. Chumba kizuri. Ukuta hauna unyevu, kitasa kinashika, joto la tanuri linapita ukutani. Kazini ni kuvuka uwanja tu. Jiwe ameliweka mlangoni, linazuia mlango usijipige. Kaniambia kwa upole, huku amenishika bega, kwamba amekuwa mtu mzima, nisihangaike, nije Jumapili. Nimekubali kwa moyo wote. Nimeelewa kabisa. Mtoto lazima aachiwe.

Ila dirisha lake halina ndege hata mmoja. Nimelitazama muda wote tuliokaa. Si kunguru, si njiwa. Mtu ataamkaje hivyo?

Alipotoka kumsindikiza baba yake hadi langoni, nikatoa mtama kwenye khanga nikaumwaga dirishani. Kidogo tu. Ila nimewaza sana njiani: ndege akishazoea kulishwa, kumkatia ni ukatili. Lazima mtu apite kila siku. Tena mtu asiye na kazi ya alfajiri.

Kesho nitapita. Si kumwona yeye.