Mwaliko Mzito wa Kamituga

Jumatatu, 4 Machi
Wiki hii Maman Bibiane, directrice wetu, bosi wa kampuni, anachagua chef technique, mkuu wa mafundi. Ni mimi. Bado hajajua tu. Kampuni yetu hapa Nguba, Bukavu, inaunganisha simu za intaneti, na mteja mkubwa ni hospitali moja ya Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu. Kabla simu haijalia, mashine yetu hutuma mwaliko: maandishi mafupi, nani anaita, anamwita nani. Leo nimeunenepesha. Kila mwaliko unabeba jina langu, Venant, diploma zangu zote, na picha yangu ya suti. Nimejaribu ofisini. Uso wangu umetokea kwenye simu ya directrice. Safi kabisa!

Mwenzangu Pascaline amesema mwaliko umepita kipimo. Eti njiani utakatwa vipande, na kipande kimoja kikipotea, simu ya Kamituga hailii. Wivu.

Jumanne, 5 Machi
Kamituga kimya. Simu za ofisini zinalia vizuri, kwa hiyo kosa si langu. Nimemwambia directrice ni mvua. Pascaline ameomba tuondoe picha. Nimekataa, kwa upole wa kiongozi. Kisha nimeongeza aya ndani ya mwaliko, kuziomba mashine za njiani zisiukate. Kwa Kifaransa, ili ziheshimu.

Jumatano, 6 Machi
Siku mbaya. Kifusi kimemwangukia mchimbaji mguuni. Mpasuaji wa hapa Bukavu amepiga Kamituga tena na tena, bila simu kulia. Mwishowe Daktari Delphin wa kule amepanda kilima, akapata mtandao kidogo kwenye simu yake ya mkononi, akanipata mimi.

“Papa Venant, docteur alisema atanipigia. Simu iko kimya tangu asubui. Huyu mutu nimukate muguu, ao ningoje?”

Nimesema angoje, nikampa Pascaline kiti changu. Amefuta kila nilichoongeza. Halafu akapanga kwamba mwaliko wowote unaozidi kipimo upite njia ya TCP, ambako kila kipande huthibitishwa kikifika, na kilichopotea hutumwa tena. Mpasuaji akajaribu. Kamituga ikalia. Alimwongoza Delphin jioni nzima. Mguu umebaki.

Nimeona haya. Sijala kitu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekula. Pascaline ndiye chef technique. Directrice ametangaza mbele ya wote, mamans wote wakiwa wamevaa vitenge vya sikukuu yao, Siku ya Wanawake. Nimekuwa wa kwanza kupiga makofi, ili ionekane niliombwa ushauri kabla. Delphin alipopiga kushukuru, nilipokea mimi. Nikamwambia si kitu.

Jumamosi, 9 Machi
Pascaline ameenda harusini Nyalukemba. Ameniachia kazi moja: kuwaandikia wateja onyo fupi kuhusu hatari ya mialiko mizito. Amenikumbuka! Anajua nani ana kalamu. Nimeandika tangu asubuhi. Kuna utangulizi, historia ya simu, mchoro wa rangi, na tafsiri ya Kimashi kwa wazee. Kazi nzuri mno kuiacha ipotee kwenye barua pepe ambazo hakuna anayezifungua. Kwa hiyo nimelipachika onyo lote ndani ya mwaliko wenyewe. Kila simu itakayopigwa, mteja atalisoma kabla ya kusema alo.

Jumatatu watashangaa.