Joka Limekufa, Nami Nimebaki na Cherehani

Kwa Wasimamizi wa Mchezo wa Milki ya Ukungu,
Huko huko mliko.

Ndugu Wasimamizi,

YAH: KUISHIWA NA MAMBO YA KUFANYA NDANI YA MILKI YENU, NA MADHARA YALIYONIFIKA MIMI, MAJIRANI NA UKOO

Kwanza poleni na kazi. Mimi ni fundi cherehani mwenye chumba kimoja cha kushonea, katikati ya kinyozi na mama muuza chai. Kwenu nafahamika kwa jina la Sindano, shujaa wa ngazi ya juu kabisa, mwenye upanga wa barafu na joho jekundu nililolishona mwenyewe kwa manyoya ya bundi. Ndiyo, nilipotakiwa kuchagua kazi ndani ya mchezo wenu, nilichagua ushonaji. Mke wangu aliniuliza ni mtu wa namna gani anayeacha cherehani yake ili akashone kwenye simu. Nikamjibu kwamba kule hakuna mteja anayelalamika kuwa nimembana kwapani.

Nawaandikia kwa heshima na kwa uchungu. Joka Kuu tumeliua. Tulikuwa wanne, tumejificha nyuma ya jabali, mimi kwa mwili nikiwa nyuma ya pazia la kupimia nguo, na wateja wawili wamekaa benchi wakiamini natafuta uzi wa rangi yao. Joka lilianguka, ngoma zikalia, yakatokea maandishi ya dhahabu ya kutupongeza, na chini yake yakaja maneno haya: "Mambo mapya yanakuja hivi karibuni."

Ndugu zangu, hayo maneno ni yangu. Nimewaambia watu "hivi karibuni" tangu siku nilipojifunza kutunga uzi kwenye sindano, na najua vizuri maana yake. Maana yake ni kwamba kitambaa hata hakijakatwa.

Tangu siku hiyo mvua zimekuja na zimekwenda. Nimeizunguka milki yenu yote. Nimefungua kila sanduku. Nimevua ziwa lenu mpaka samaki anayejitokeza sasa ni yule yule, na nadhani ameanza kunijua. Mzee wa mnarani, kila nikipita, ananililia kwamba kondoo wake wamepotea, na kondoo wenyewe wako nyuma yake wanakula majani. Nasikia wasomi wanabishana kama michezo ya namna hii ina mambo ya kutosha kumshika mchezaji. Wangekuja kuniuliza mimi. Mchezo mlioutangaza kuwa hauna mwisho umeisha kama uzi wa bobini kwenye tumbo la cherehani, ghafla, katikati ya mshono. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mmeniharibia jina katika ufundi. Kwa kukosa la kufanya, nilianza kushona. Nilidhani ni jambo la siku moja litapita, lakini halikupita. Suruali ya mwalimu mkuu ilikuwa tayari siku ile ile niliyomwahidi. Maskini alikuwa amekuja na ugomvi wake ameupanga vizuri tangu nyumbani, akakuta suruali imepigwa pasi na kutundikwa. Aliigeuza ndani nje, akavuta kila mshono, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nafunga duka. Dada mmoja aliyekuta blauzi yake imekwisha kabla ya siku yake alikwenda kuwaambia watu kwamba nina maradhi nayaficha. Sasa wapita njia wanaingia dukani kunipa pole. Kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ameshaniuliza oveloku, ile mashine yangu ya kufunga kingo za nguo, nitamwachia nani.

2. Mmevunja biashara ya mama wa chai. Biashara ile ilikuwa imesimama juu ya benchi langu. Mteja akiambiwa akae kidogo namalizia vifungo tu, hukaa, huagiza kikombe, huagiza cha pili, hupata rafiki, huagizia na rafiki. Kuna watu wameoana kwa kukutana kwenye benchi lile wakisubiri sketi na kaptura. Siku hizi wanachukua nguo zao wanakwenda zao. Mama wa chai amepunguza birika moja na salamu zangu haitikii. Amemtuma kinyozi aniambie kwamba mtu mzima akianza ukweli ghafla ana jambo.

3. Mmenifikisha kwenye kikao cha ukoo. Kwa kuwa nguo zinakwisha mapema, narudi nyumbani mapema. Mke wangu siku ya kwanza alifurahi, siku ya pili alinitazama, siku ya tatu nikatengeneza bawaba ya mlango wa jikoni, ambao umekuwa ukilia tangu tulipokuwa maharusi. Hapo ndipo alipowaita kaka zake. Nilikalishwa kwenye kiti cha peke yangu nikaulizwa, kwa adabu zote, huyo mwanamke ni nani. Nikawaeleza kwamba hakuna mwanamke, ila joka limekufa. Wakatazamana. Shemeji mkubwa, mlinzi wa benki aliyestaafu lakini bado anakaa kama yuko lindoni, aliomba iandikwe kwamba mhusika ameanza kuweweseka. Kikao kimeahirishwa na kesi yangu ipo hai. Mlango nao sasa umenyamaza, na mke wangu anasema hasikii tena nani anaingia na nani anatoka.

4. Hili ndilo lenyewe, nimelizungukia tu. Mmenipotezea rafiki. Katika wale wanne wa Joka Kuu, wawili waliacha mchezo kesho yake. Tukabaki mimi na mganga wetu, anayeitwa Radi. Kule kwenu Radi ni jitu lenye ndevu za kufika kitovuni na fimbo ya umeme. Mimi humchukulia kuwa kijana fulani, kifua kama mlango, mwenye roho njema na asiye na haraka. Sauti yake sijapata kuisikia, tulikuwa tunaandikiana tu. Kila nilipojeruhiwa aliandika, "Rudi nyuma yangu, vuta pumzi, napuliza." Nami nilimjibu, "Nipo, nipulize." Basi nguvu zilinirudia, na si kule kwenye simu peke yake.

Tukisubiri adui tulikuwa tunazungumza mambo ya dunia. Radi alikuwa na kero moja tu maishani: fundi mmoja aliyekalia kitambaa chake mwaka hata mwaka. Hakuweza kumgombeza kwa sababu fundi huyo ni mtu wa nyumbani. Jambo hili liliniuma kama langu. Nilimwandikia kwamba mafundi wa sampuli hiyo ndio wanaotupaka matope sisi wengine, kwamba mtu yule hana haya, na bila shaka alilelewa na mbuzi. Nikampa ushauri wa kitaalamu: fundi hagombezwi, fundi anakaliwa. Nenda kaketi mlangoni pake, usiseme neno, usiondoke. Sijui fundi anayeweza kuvumilia kutazamwa.

Joka lilipokufa na jambo jipya lisionekane, Radi aliandika kwamba kwa kuwa humu hakuna kazi tena, anakwenda kumkalia fundi wake. Toka hapo taa yake kwenye orodha ya marafiki ni ya kijivu, yaani haingii tena mchezoni. Jina lake halisi silijui, mji wake siujui. Kila asubuhi nafungua simu kabla sijafungua duka, naitazama ile taa, kisha naifunga. Mnaweza kucheka, lakini nimemkosa kuliko nilivyodhani mtu anaweza kumkosa mwenzake asiyemjua hata sura.

5. Na kana kwamba hayo hayanitoshi, nimeletewa mama mkwe. Wiki ile ile Radi alipopotea, mama mkwe alifika dukani kwangu na mto wa kukalia kutoka nyumbani kwake, akauweka juu ya benchi, akauketia. Ana kitambaa chake kwangu, cha kijani chenye maua meupe, alichonipa nimshonee gauni wakati ambao sioni faida ya kuutaja. Ni mkunga mstaafu, amewapokea duniani nusu ya wateja wangu, na ni mtu wa maneno machache. Mimi na yeye, miaka yote, ni shikamoo mama, marahaba baba, habari za nyumbani, salama. Baada ya hapo kila mtu hutazama upande wake. Hakuna namna ya kumwambia mzazi wa mke wangu aje kesho. Basi anakuja kila siku. Anavaa miwani, anatoa simu, anaitazama sana, nadhani ni picha za wajukuu, kisha anaguna "bado" na kuirudisha mkobani. Nami kila nikishika gauni lake mbele ya macho yake nakosea, nafumua, naanza upya. Mngekuwa mmeleta nchi mpya, ningekuwa nyuma ya pazia langu na wala nisingejua kwamba yupo. Kwa hiyo kukaa kwa mama mkwe kwenye benchi langu nawahesabia ninyi moja kwa moja.

Kwa sababu hizo naomba mlete haraka nchi mpya yenye joka kubwa kuliko la kwanza, au majoka mawili madogo yasiyopatana. Kondoo wa yule mzee wapotee kweli. Mtume mjumbe mwenye suti aje kwenye kikao cha ukoo athibitishe kifo cha joka, na akitoka hapo apite kwa wateja wangu awaeleze kwamba sina maradhi. Mama wa chai mumfikirie. Na kama mnayo njia ya kumpata Radi, mwambieni Sindano anamuulizia, na kwamba natumaini yule fundi mbuzi amekwishamalizana naye.

Msinijibu kwamba ni hivi karibuni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na fundi hamdanganyi fundi mwenzake.

Nisalimieni wote hapo kazini: wachora milima, wapiga ngoma za ushindi, aliyemtunga yule samaki, mlinzi wa getini na familia zenu. Mzee wa mnarani pia mnisalimie, hata kama hatasikia.

Ni mimi mteja wenu mtiifu niliyekosa la kufanya,

Sindano,
Fundi wa nguo za kike na za kiume, na majoho ya vita.

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeshaitia kwenye bahasha, nikarudi kwenye cherehani kumalizia gauni la mama mkwe, sindano ikanichoma kidole. Nikatoa ukelele. Mama mkwe, bila kuinua macho kwenye simu yake, akasema, "Rudi nyuma yangu, vuta pumzi, napuliza." Na mimi, mdomo ukiwa umeitangulia akili, nikamjibu, "Nipo, nipulize."

Cherehani ikasimama. Yeye akavua miwani. Zile ndevu zote, Ndugu Wasimamizi, ni za mama mkwe. Na lile "bado" lake lilikuwa la nchi mpya: alikuwa anachungulia matangazo yenu tu bila kuingia mchezoni, ndiyo maana taa haikuwaka.

Nikayakumbuka yote niliyomwambia kuhusu yule fundi, hasa la mbuzi, nikatamani sakafu inimeze. Nilipoinua uso nikakuta mabega yake yanatikisika. Tulicheka mpaka machozi yakanidondokea kwenye kitambaa. Mama wa chai alikuja kuchungulia, akaona watu wawili wasioelekea kuondoka, akaenda kuongeza birika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutuambia kwamba na anayekupuliza anaweza kuwa humo humo, kwenye gauni usilotaka kulimaliza.

Kwa hiyo naomba barua hii muichukulie kama haikuandikwa. Nchi mpya msilete. Kama mmeanza kuitengeneza, msikimbilie. Leo tumeingia mchezoni pamoja, yeye benchini na mimi kwenye kiti changu, tukawarudisha kondoo wa yule mzee, tukawatawanya, tukawarudisha tena, na mazungumzo yetu hayajafika hata nusu. Wateja watatu wamekaa wanasubiri na wanakunywa chai. Mwalimu mkuu amepita, akakuta kaptura yake haijaguswa, akanifokea vizuri sana na kuondoka mtu mwenye amani.

Gauni la mama mkwe limebaki pindo la chini tu. Nikilimaliza ataondoka na mto wake. Nimemwambia aje kesho. Ameniambia hata wiki ijayo, fundi, hakuna haraka.