Hamsini na Mia Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu amemaliza chuo cha upigaji picha. Wa pili darasani. Angekuwa wa kwanza kama wa kwanza hangekuwepo. Gazeti la mji linataka mpiga picha mmoja tu, na mhariri amewapa waombaji mtihani: picha tano za watu wakiwa kazini, ndani ya jengo, bila flashi. Mwisho Jumamosi adhuhuri. Kamera ya chuo karudisha, kwa hiyo tunanunua yetu. Imetumika, lakini hata mimi nimetumika na bado nafanya kazi.

Leo tumekwenda dukani. Muuza kamera ni mpole, ana miwani mbili, moja kichwani, moja machoni. Kanieleza kwamba mwili wa kamera ni kitu kimoja na lenzi ni kingine, kama kichwa na jicho. Uwezo wetu ni mwili mmoja na jicho moja. Kuna lenzi fupi nene imeandikwa 50, na ndefu imeandikwa 300. Binti akashika ya hamsini. Nikamuuliza inavuta? Akasema haivuti, Mama, nikimtaka mtu karibu nitatembea nimfuate.

Nimeishia darasa la saba, lakini mia tatu na hamsini naweza kuzitofautisha. Pembeni kuna vinamba vingine: ndefu ina 5.6, fupi ina 1.8. Hata huko fupi imefeli. Binti anasema huko kinamba kikiwa kidogo ndipo mwanga unaingia mwingi. Elimu ikizidi nayo inachosha.

Tumewekewa. Tutachukua keshokutwa.

Jumanne, 5 Machi

Wifi kaja, dada wa mume wangu. Hakuja kunisalimu, kaja kunieleza kamera ya binti yake. Anasema lenzi yake ukiivuta inafika kwa jirani kabla yako. Akauliza yetu ni ya ngapi. Nikajaribu kuzungumzia mvua. Akauliza tena. Nikasema hamsini.

Akanionea huruma. Akasema wifi yangu, hiyo si ya picha za kitambulisho?

Nimekosa hamu ya kula. Nimekula, lakini bila hamu.

Jumatano, 6 Machi

Binti alikuwa na kazi ya kujaza fomu gazetini. Akanituma nichukue mzigo. Nikamwambia muuza kamera atoe hamsini, aweke mia tatu. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akauliza kama binti ameridhia. Nikasema tumejadiliana. Si uongo. Nilijadiliana na nafsi yangu njia nzima.

Binti kafungua boksi, akaigeuzageuza ile ndefu mkononi. Nikamwambia ile fupi imeingia ukungu ndani ya kioo. Neno hilo nilimsikia muuza kamera akimwambia mteja mwingine. Akauliza ukungu upande gani. Nikasema pande zote.

Alhamisi, 7 Machi

Kaja kunipiga picha kazini. Napiga pasi mashuka ya hospitali, mwaka wa kumi na nne huu. Chumba chetu ni chembamba, meza sita, dirisha moja, mvuke tele. Binti akajibanza ukutani. Akapata sikio langu. Akatoka nje ya mlango, akapata shavu. Akarudi nyuma kwenye korido mpaka kwenye tangi la maji, hapo nikaenea, ila wauguzi wakawa wanapita katikati. Na picha zote giza, nyingine kama zimepigwa na mtu mwenye homa.

Nikapata wazo. Kama lenzi inataka nafasi na mwanga, tuipelekee. Nikawashawishi wenzangu tutoe meza uani. Waya za pasi hazikufika. Nikasema tujifanye tunapiga. Upepo ukaja. Mashuka arobaini yakaenda kulala kwenye vumbi, na msimamizi akatokea akiuliza nani kaanzisha. Wenzangu watano wakaniangalia mimi. Tumefua upya mpaka jioni.

Binti hakunilaumu. Kasema kesho asubuhi anakwenda kumuumbua muuza kamera mbele ya wateja wake, kwa kutuwekea lenzi yenye ukungu.

Mtu mpole vile.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesema kweli kabla ya chai. Binti akauliza, Mama, si ulinisikia nikitaja hamsini? Nikasema nilisikia. Akasema basi ulisikia kwa masikio ya Shangazi.

Kilichoniuma si hilo. Kasema yule wa kwanza darasani ameshapeleka picha zake.

Tukaenda pamoja. Hamsini ilikuwepo. Muuza kamera akatubadilishia bila kuniangalia, na huo nao ni upole.

Kazini nikataka kuvaa gauni la Jumapili. Akanikataza. Nikanyoosha mgongo nikatabasamu, akasema Mama, piga pasi. Akaanza kusogea. Hatua moja, nyingine, hadi nikasikia pumzi zake. Mtoto huyu alikuwa anajificha nyuma yangu wageni wakija. Sasa anamwendea mtu uso kwa uso na kusimama. Nikamsahau, maana shuka lilikuwa na kunjo kaidi.

Baadaye kanionyesha. Mwanga wa dirisha umekaa kwenye shuka, jeupe hasa, si kijivu, na weupe naujua. Mikono yangu iko pale na kovu lake la pasi. Nimetazama uso muda mrefu. Miaka yote nilidhani nikipiga pasi nafanana na mtu aliyechoka. Kumbe nafanana na mtu anayewaza. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Jumamosi, 9 Machi

Tumefika gazetini saa tano na nusu. Mhariri katazama ile ya kwangu kuliko nyingine nne. Akauliza huyu mama ni nani. Nilikuwa nimekaa mbele yake.

Jumatano, 13 Machi

Kapata! Miezi mitatu ya majaribio. Yule wa kwanza sasa ni wa pili.

Nimepita kwa Wifi. Nimemwambia lenzi nilichagua mimi.

Jumamosi, 16 Machi

Jumatatu binti anampiga picha hakimu mkuu, ukurasa wa mbele. Mkanda wa mkoba wa kamera umefumuka, kanituma nao kwa fundi viatu, kamera ikiwa ndani. Fundi yuko mlango wa pili kutoka duka la kamera.

Nimefikiri sana wiki hii, na nimekiri kosa langu. Namba kubwa si kitu. Hamsini imeishinda mia tatu, basi ipo itakayoishinda hamsini. Muuza kamera hakuwepo, alikuwepo mkewe. Nikamwomba lenzi yenye namba ndogo kuliko zote. Akatoa ya nane. Kioo kimetokeza kama jicho la samaki, na ndivyo inavyoitwa. Akanionya kwamba inaviringisha nyuso. Nikasema hakimu mwenyewe mnene, hatajua.

Akauliza kama mwenye kamera ana habari tunabadilisha. Nikamwambia mwenye kamera nimemzaa mimi.

Mkanda umeshonwa vizuri sana.