Besi ya Kisimba wa Tenke

Kapata, Jumamosi, tarehe 4 Juni 1983

Nimeshindwa. Hapana, nifute. Nimeonewa!

Leo tulikutana kwa mzee wetu, tata Badibanga, wapiga gitaa la besi sita tusio na orkestra. Desturi yetu ni moja: unaweka diski ya wimbo unaoupenda, unapiga besi juu yake, unarekodi kwenye kaseti, unaleta wenzako wasikie. Yangu ilikuwa na noti nyingi kuliko zote. Tata Badibanga alisema ni kama mtu anayeanguka ngazini na masufuria. Kisha wakaweka kaseti iliyokuja kwa treni kutoka Tenke, ya karani wa stesheni anayeitwa Kisimba. Hajawahi kufika hapa hata siku moja. Wimbo wa polepole, noti chache, kazi ya mvivu. Watu wakainamisha vichwa kama kanisani. Mimi nikatoka nje. Vumbi la Juni linaumiza macho.

Jambo lenyewe ni hili: tata Badibanga anamwoza binti yake tarehe 25. Orkestra ya hapa Kapata haina mpiga besi, na atachaguliwa mmoja wetu. Miaka kumi na moja napiga chumbani, msikilizaji wangu ni ukuta. Nafasi hiyo ni yangu.

Jumatatu, tarehe 6

Nimegundua! Kisimba hapigi kitu. Anachukua diski, anapunguza sauti za juu, inabaki besi ya wenyewe. Mwizi! Nitamfumania kwake.

Kazini nimemwambia shefu kwamba mjomba wangu, nonko Mbayo, amefariki Tenke. Sina nonko anayeitwa Mbayo. Shefu alivua kofia, akanipa siku tatu. Mke wangu Ntumba, mama wa mwanetu Kanku, nimemwambia ni safari ya kazi. Kila mtu na habari yake, hakuna atakayechanganyikiwa.

Jumatano, tarehe 8. Tenke

Nyumba ya Kisimba iko karibu na reli. Nilisikia besi tangu barabarani. Nikapanda juu ya kazie, kreti tupu ya bia, nikachungulia dirishani.

Kisimba ameketi, ameshika mikro ya kurekodia, hapumui. Anayepiga ni mwanamke. Kitenge, mtoto mgongoni amelala, mwenyewe amefumba macho. Nilisahau nilichofuata. Kidogo tu! Kisha kazie ikavunjika.

Mama yule akatoka. “Tata, unatafuta nini ku dirisha?”

Nikasema nakagua nyaya za umeme. Akatazama vidole vyangu, akaona sugu za nyuzi. “Weye unapigaka besi. Ingia, ukunywe chai.”

Anaitwa Mado, mke wa Kisimba. Nikauliza kwa nini kaseti zina jina la mumewe. Akasema mwaka juzi alituma moja kwa jina lake mwenyewe. Ilirudi vilevile, utepe haujasogea hata kidole. Hakuna aliyeiweka kwenye radio ya kaseti. Tangu hapo wanaandika Kisimba.

Mwaka juzi mpokeaji wa kaseti zote za kundi nilikuwa mimi. Nikamaliza chai haraka, nikaungua ulimi.

Aliniuliza jina, nikalitaja, akanipa besi nipige. Akasikiliza mpaka mwisho, hakucheka. “Tata Ngeleka, achaka kanafasi. Wimbo nayo inapumuaka.”

Mimi nifundishwe kupumua!

Alhamisi, tarehe 9

Balaa. Nimefika nyumbani, kiwanja kimejaa watu, moto umewashwa, kina mama wanalia. Shefu na wenzangu walileta gunia la unga kwa ajili ya msiba wa Mbayo. Ntumba hakujua lolote, lakini angewarudishaje watu? Alilia nao siku mbili. Hata alisimulia jinsi marehemu alivyopenda watoto.

Nami nikalia. Ningefanya nini? Nililia vizuri, shefu mwenyewe alinishika bega.

Walipoondoka, Ntumba akakaa mbele yangu. “Baba Kanku, uyu Mbayo mwenye mi nililia siku mbili, ni nani?”

Nikasema ukweli wote, mpaka kazie. Akachukua besi yangu, akaiweka nje na kuku. Tangu hapo hanisemeshi. Sawa. Kimya kinafaa kwa mazoezi.

Jumamosi, tarehe 18

Siku ya kuchagua. Nilisubiri mpaka kaseti ya Tenke imelia, kila mtu anatikisa kichwa. Nikasimama. Nikasema Kisimba ni mwongo, hajui hata kushika besi, anayepiga ni mke wake!

Nilingoja makelele. Tata Badibanga akarudisha utepe nyuma. Akausikiliza tena wote, taratibu, mkono shavuni.

“Tata Ngeleka, unasema ni mwanamuke njo anapiga hii?”

Nikasema ndiyo, nimemwona kwa macho yangu.

“Basi bamuite uyu mama.”

Tukapiga kura: mikono mitano juu. Mimi nikainua wangu nijikune kichwa, nao wakauhesabu. Kisha wakauliza nilimwonaje. Ikabidi nieleze dirisha. Walicheka mpaka radio ikazimwa.

Jumamosi, tarehe 25

Mado alipiga. Nilisimama karibu na spika kusudi nimkamate akikosea. Hakukosea. Kisimba alikaa kando na mtoto mapajani, anatabasamu kama yeye ndiye bwana harusi. Ulipofika wimbo ule wa polepole, Ntumba akaja, akanishika mkono, tukacheza. Mwisho akasema nimekanyaga kiatu chake. Maneno ya kwanza kwa wiki mbili na zaidi! Nilifurahi, siandiki kiasi gani.

Jumapili, tarehe 26

Mado alipita kuaga kabla ya treni. Akasema nitume kaseti Tenke, ataisikiliza yeye mwenyewe, yote. Alisema kwa upole sana. Nilipoachwa peke yangu niliwaza kwa uaminifu, muda wa kikombe kizima cha chai, kosa langu liko wapi.

Nimelipata. Mimi ni mwanaume! Siku hizi wanaosikilizwa ni kina mama.

Kaseti mpya tayari, dakika thelathini, hakuna kupumua hata mara moja. Juu yake nimeandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: MAMA NTUMBA, BESI. Inaondoka na treni ya kesho.

Ntumba hajaambiwa. Kwani ana haja gani ya kujua?